Biskuti za Rangi ya Majivu

Matisi, Kitale
22 Januari 1989

Senge mpendwa,

Kabla hata ya salamu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Chakula cha Kukhu ninakila mimi.

Kila jioni ninapika, Baba anampakulia mama yake na kumpelekea chumbani kwa mikono yake mwenyewe. Baadaye sahani inatoka tupu, na Baba anasema, "Mungu asifiwe, mama anakula." Senge, hali hata tonge. Mimi ndiye ninayelala chumba kimoja naye. Baba akishatoka tu, Kukhu ananisukumia sahani pale ninapofanyia kazi za shule na kusema, "Maliza, na ufunge mdomo." Ninamaliza. Sketi ya shule imeanza kunibana na kila mtu anasema ni umri.

Sasa naweza kukusalimia. Hujambo Senge, shangazi yangu? Sisi hatujambo. Mama bado ni muuguzi kule Lodwar na hatarudi mpaka wapate mtu wa kushika zamu yake. Nimeingia kidato cha tatu. Mahindi ya mwaka jana bado tunayo, ila funza wameyapata.

Sababu ya barua hii ni Kukhu. Uvimbe wa shingo umekua. Daktari amesema lazima apasuliwe kabla haujabana njia ya pumzi, lakini hawezi kumpasua akiwa mwembamba hivi. Anataka aongeze uzito kwanza. Naye Kukhu anasema kila kitu kinamkwama, isipokuwa chai. Nilipomuuliza ni kitu gani angeweza kumeza, akasema, "Biskuti za siagi, zile za Wilkista. Zile zilikuwa zinayeyuka."

Tafadhali niandikie jinsi unavyozipika. Nimesoma kitabu chetu cha sayansi kimu chote, na kinataka oveni.

Ukiweza kuja mwenyewe ingekuwa bora zaidi, lakini najua una shughuli.

Mtoto wako,
Dinah


Kibabii, Bungoma
19 Februari 1989

Mpendwa Dinah,

Nimepata barua yako na nimeisoma mara nyingi. Mimi ni mzima. Kuku wangu wote wamekufa kwa kideri isipokuwa jogoo, na jogoo peke yake hana faida, anawika tu. Kanisani tumechagua mwenyekiti mpya wa akina mama, mtu wa maneno mengi. Mvua bado. Cherehani yangu imetengenezwa na sasa inashona vizuri, nina sare za watoto wa shule mpaka Machi.

Kuhusu biskuti, ni rahisi sana, hata usisumbuke na vitabu. Chukua unga wa ngano, siagi na sukari. Changanya. Usiweke maji. Mkono wako utakuambia ikiwa tayari. Halafu choma kwa sufuria.

Hicho ulichoniambia mwanzoni, mwambie baba yako. Wewe ni mtoto, usibebe mzigo wa watu wazima.

Nimekutumia njugu kidogo kwa mkono wa mwalimu anayekuja huko. Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi senge yako,
Wilkista


Matisi, Kitale
27 Februari 1989

Senge mpendwa,

Hujambo? Njugu tulizipata, asante. Pole kwa kuku. Sisi tuko salama, ila paka wa jirani amezalia ndani ya gunia letu la makaa na Baba amekataza tusimguse, kwa hiyo tunanunua makaa mengine.

Senge, mkono wangu haujaniambia kitu.

Nilinunua siagi dukani kwa Bwana Harbans. Nikachanganya na unga mpaka nikachoka, nikingoja mkono useme. Ukanyamaza. Nikaongeza unga. Nikafinyanga vidonge vya unga huo, nikavipanga kwenye sufuria, nikafunika, nikaweka jikoni. Chini ziliungua zikawa nyeusi kama soli ya kiatu, juu zilikuwa unga mbichi. Nilimpelekea Kukhu ile iliyokuwa na nafuu. Aliigonga kwenye mbao ya kitanda, ikalia ko, ko.

"Hii ni ya nini?" akaniuliza.

"Ni biskuti, Kukhu."

"Hii ni ya kumpigia mwizi."

Nikarudi dukani kununua siagi nyingine. Bwana Harbans akanitazama juu ya miwani. "Wewe binti ya Wabwile! Juzi siagi, leo siagi. Nyumbani kuna harusi?" Nikamwambia ni ya nyanya yangu mgonjwa. Akasema, "Basi mgonjwa anakula vizuri kuliko mimi!" na watu wote dukani wakacheka. Unajua jinsi nisivyopenda watu wakinitazama. Nilitoka bila chenji, ikabidi nirudi tena, wakacheka tena.

Kwa hiyo naomba, Senge, kwa heshima yote. Vikombe vingapi vya unga? Siagi kiasi gani? Kuna yai au hakuna? Moto uwe chini au juu? Niandikie kama unamwandikia mtu asiyejua chochote, kwa sababu ndivyo nilivyo.

Na pia hukujibu kama utakuja.

Mtoto wako,
Dinah


Kibabii, Bungoma
2 Aprili 1989

Mpendwa Dinah,

Salamu nyingi. Samahani kwa kuchelewa, zile sare zilinikalia shingoni. Mvua imekuja na upepo ukang'oa mabati ya jikoni kwangu, lakini vijana wa kanisa wameyarudisha. Mwenyekiti wetu bado anaongea.

Umenichekesha na hiyo ya mwizi. Haya, chukua kalamu.

Vikombe viwili vya unga wa ngano. Kikombe kimoja cha siagi, iliyolainika lakini isiyeyuke, ukiiona inang'aa kama mafuta umeshaiharibu. Sukari nusu kikombe, na hiyo sukari uiponde kwanza kwa chupa mpaka iwe laini, maana ya kwetu ina chembe kubwa. Chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Hakuna yai, hakuna maji, hakuna maziwa. Saga siagi na sukari kwa mwiko mpaka iwe nyeupe, ndipo utie unga kidogo kidogo. Usikande kama chapati! Kusanya tu mpaka ishikane. Ukiikanda inakuwa ngumu, na nadhani ndivyo ulivyofanya.

Tengeneza vidonge vidogo, vibonyeze kwa uma. Chukua sufuria kubwa, tia mchanga mkavu chini, upashe moto. Weka juu ya mchanga sahani ya bati iliyopakwa siagi, na biskuti juu ya sahani. Funika. Makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko. Moto wa juu ndio unaopika, wa chini unasindikiza tu. Kingo zikianza kuwa kahawia, toa. Zitakuwa laini bado, utafikiri hazijaiva. Usiziguse mpaka zipoe.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kwenye darasa la akina mama, na kila aliyefuata alifaulu.

Kuna kitu kimoja nataka kujua. Kile kibuyu cha maziwa kilichokuwa nyumbani kwetu Naitiri, kile kirefu chenye mkanda wa ngozi, kilikuja naye Kitale? Usiseme nimeuliza.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Senge yako,
Wilkista


Matisi, Kitale
16 Aprili 1989

Senge,

Shikamoo. Tumefunga shule. Nilikuwa wa tatu darasani, hisabati iliniangusha. Mama ameandika kwamba Lodwar hakuna maji.

Nilifuata maagizo yako neno kwa neno. Niliponda sukari kwa chupa ya soda. Nilitafuta mchanga, nikauchekecha, nikauosha, nikauanika siku nzima huku watoto wa jirani wakiniuliza kama najenga. Senge, zilitoka nzuri mno. Zilikuwa za rangi ya dhahabu, zikivunjika zenyewe mdomoni. Baba alikula sita akiwa amesimama. Nilikaribia kulia kwa furaha.

Nikampelekea Kukhu na chai. Akachovya moja, akaimumunya, akameza.

"Nzuri," akasema.

"Chukua nyingine basi."

"Hapana. Hizi ni nzuri sana. Mpelekee mwalimu wako."

"Lakini Kukhu, ndizo hizo! Ni za Senge Wilkista, ameandika mwenyewe!"

"Za Wilkista zilikuwa na rangi ya majivu," akasema, akageukia ukutani.

Majivu, Senge! Nimeoga mchanga wiki nzima ili zisiwe na majivu!

Juzi tulimpeleka hospitali. Amepungua. Baba alibishana na sista mbele ya watu. "Hiyo mashine yenu ni mbovu. Mama anamaliza sahani nzima kila siku!" Sista akasema, "Mzee, mashine haijui uongo." Kukhu akatazama dari. Mimi nikatazama viatu vyangu. Njiani nikashindwa kuvumilia, nikamwambia Baba kila kitu, Kukhu akisikia. Tulipokaribia nyumbani Baba akasema, "Kwa hiyo ni wewe ninayemlisha." Hakupaza sauti, na hilo liliniuma zaidi. Kukhu hajasema nami tangu siku hiyo. Amesema tu na ukuta, kwamba nyumba hii ina redio inayotembea.

Daktari ametupa mpaka mwisho wa Juni. Asipoongeza uzito hawezi kumpasua, na uvimbe hautangoja.

Sasa nisamehe kwa ninayotaka kuandika. Kila barua yako ikifika, Kukhu huniuliza, "Amesema nini?" Namsomea habari za kuku, za mabati, za mwenyekiti wa kanisa. Nikimaliza anauliza, "Na mimi?" Sina cha kusoma. Wewe huandika "wasalimie wote hapo nyumbani." Wote ni nani? Hapa tuko watatu. Jogoo umemtaja, mama yako hujamtaja hata mara moja. Naye hataji jina lako ila likiwa limefungwa na biskuti. Kabla hajaninunia nilimwambia, "Kukhu, si useme tu kwamba aje?" Akajibu, "Mimi nimesema nataka biskuti."

Nimechoka kuwa katikati yenu. Mimi ni mtoto, wewe mwenyewe uliandika hivyo. Nyinyi ni watu wazima na hamuwezi kusema neno moja dogo.

Kibuyu kipo. Kimetundikwa juu ya kitanda chake, kitupu. Sijasema umeuliza.

Dinah


Kibabii, Bungoma
14 Mei 1989

Dinah mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Leo sina habari za kuku.

Nilikuandikia biskuti za darasani kwa sababu zile zangu niliziona haya. Tulipokuwa Naitiri siagi tuliitoa kwa ng'ombe wetu. Mama alikuwa akiosha kile kibuyu, halafu anakisugua ndani kwa kijinga cha moto ili maziwa yasiharibike. Kwa hiyo siagi ilitoka na vumbi la mkaa ndani yake na harufu ya moshi. Sisi hatukuona ajabu. Siku ya kupimwa darasani, kila mwanamke alileta biskuti nyeupe za siagi ya duka, mimi nikaleta za kijivu. Mwalimu alizishika kwa karatasi, akauliza kama nimezifagia chini. Walicheka mpaka machozi.

Nilirudi nyumbani nikitaka kuzitupa chooni. Mama akaninyang'anya lile bakuli, akachemsha chai, akazila zote mbele yangu, moja baada ya nyingine. Hakusema neno la kunifariji. Alikula tu. Baada ya hapo alinitaka nimpikie kila Jumamosi mpaka nilipoolewa.

Halafu unajua nilivyoachana na mume wangu. Au labda hujui, ulikuwa mdogo. Nilikwenda Naitiri na mkoba mmoja. Mama akasimama mlangoni, akaniambia nirudi kwa mume wangu, hakunizaa nije kukaa kwake. Sikurudi kwa mume wangu, na sikurudi kwake. Huu ni mwaka wa nne.

Unasema niseme neno dogo. Kwetu mtu aliyerudishwa mlangoni haji mwenyewe, Dinah. Huja kuchukuliwa na mtu wa nyumba ile ile. Ndivyo tulivyolelewa, na aliyetulea hivyo ni yeye. Nikienda bila kuchukuliwa, atasema nimejileta kama mbuzi aliyepotea. Baba yako nilimwambia zamani, akasema hayo ni mambo ya wanawake.

Usimsomee barua hii.

Msalimie mama yangu.

Wilkista


Kibabii, nje ya kanisa
Jumamosi, 27 Mei 1989

Senge mpendwa,

Usishtuke kuona mwandiko wangu bila stempu. Niko hapa nje, kwenye benchi karibu na tangi la maji. Jirani yako, Mama Nekesa, amenileta kutoka kwako akaniambia mko kwenye mkutano na niingie tu. Nilichungulia mlangoni nikaona akina mama wengi wote wakigeuka, nikarudi nyuma. Kwa hiyo nimeomba karatasi na yeye atakuletea hii ndani.

Hatujambo. Baba hajambo. Shule iko sawa, nimeomba ruhusa.

Sikumsomea Kukhu barua yako. Nilimsomea mstari wa mwisho tu, ule wa salamu. Akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akakaa kitandani, ni siku nyingi hajakaa mwenyewe, akasema, "Andika." Nikachukua kalamu haraka. Akasema hivi: "Mwambie kibuyu kipo. Mwambie hakina maziwa."

Nikangoja. Nikamuuliza, "Hiyo maana yake ni kwamba aje?" Akanikaripia. "Wewe msichana unasoma vitabu vyote hivyo na bado unauliza? Andika kama nilivyosema."

Nimeandika kama alivyosema. Sijui kama kwenu huo ni mwaliko. Mimi nimechoka kutafsiri.

Nilitaka kuiweka posta, halafu nikahesabu barua zetu zinavyochelewa na siku ambazo daktari ametupa. Nikamwambia Baba kwamba ninakuja kukuchukua. Akasema, "Wewe? Wewe unayeogopa kununua mkate?" Nikamwambia kama anataka kwenda yeye, aende. Akatoa nauli.

Mimi ni mtu wa nyumba ile ile, Senge. Ninalala chumbani kwake. Sikuja kusalimia, nimekuja kukuchukua, na nimeketi hapa. Kama mwenyekiti wenu bado anaongea nitangoja, lakini tafadhali asiongee sana.

Mtoto wako,
Dinah


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa penseli)

Mwambie Mama Nekesa akupe ufunguo. Fungasha nguo zangu zilizo kwenye kamba, hata zile mbichi. Cherehani ifunike. Mwenyekiti hamalizi leo, natoka kwa mlango wa nyuma.

W.


Hapo barua zinakoma, kwa sababu Senge alikaa nasi mpaka Agosti, kidonda cha upasuaji cha Kukhu kilipopona, na hapakuwa na haja ya kuandikiana. Nitaandika yaliyofuata kwa kifupi.

Nilichukua ufunguo, nikafungasha nguo, mbichi na kavu. Tulifika Matisi giza likiingia. Kukhu alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni, kitu ambacho hakuwa amefanya tangu Krismasi. Alimtazama Senge kutoka juu mpaka chini.

"Umekonda," akasema.

"Wewe je?" Senge akajibu.

Wakaingia ndani. Nilidhani watalia au watasema yale niliyongoja miezi yote hiyo. Hawakusema. Asubuhi Senge aliteremsha kibuyu, akakiosha, akakisugua kwa kijinga, akaenda kwa Kimaiyo mwenye ng'ombe nyuma ya nyumba yetu. Kwa siku kadhaa maziwa yalikuwa yakigandishwa na kutikiswa, na nyumba nzima ilinuka moshi. Siagi ilipotoka ilikuwa na madoa meusi. Mimi nilipima unga, niliponda sukari, niliweka mchanga.

Zilitoka za kijivu. Kukhu alichovya moja, akala. Akachukua ya pili.

"Umezidisha chumvi," akasema, mdomo umejaa.

"Sijazidisha chumvi mimi, mama."

"Na makaa uliweka mengi chini. Nilikuwa nakuambia zamani."

"Ni wewe uliyekuwa ukiweka makaa chini! Ati mimi! Mimi ndiye niliyekuwa nikiyatoa!"

"Uyatoe wewe? Ulikuwa na urefu gani?" Akachukua ya tatu, akamnyooshea kama kidole. "Bimla wa duka la vitambaa alinipa ile sufuria, na wewe ukaitoboa."

"Aliitoboa Wabwile!"

"Mimi?" Baba akaita kutoka nje.

Kukhu akachukua ya nne. Walikuwa wameanza habari ya sufuria nyingine, iliyopotea kabla sijazaliwa, na sauti zilikuwa zikipanda. Nilikuwa na mtihani wa jiografia Jumatatu. Niliwasogezea bakuli karibu, nikamjazia Kukhu chai, nikachukua kitabu changu na kigoda, nikaenda kusomea nje.